Naomba ushauri: nikiinama kwenye yoga nyuma ya magoti panavuta, nikiinuka kizunguzungu

Mama Cherehani
Habari za humu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, kutwa nimeinamia nguo, na msimu wa sare za shule ndiyo kabisa. Mgongo umekaza, shingo haigeuki vizuri. Binti yangu kanionyesha zoezi la yoga: unasimama wima, unanyoosha mikono juu, kisha unainama mpaka uguse vidole vya miguu. Wiki ya 2 sasa. Vidole sivifikii, nyuma ya magoti panavuta kama kamba, na nikiinuka napata kizunguzungu. Niendelee au niache?

Mnyoosha Viungo
Dada, usiache zoezi, acha kuvitafuta vidole. Wengi tunakaza magoti halafu tunapinda mgongo, mgongo ule ule uliopinda kutwa nzima. Kunja magoti kidogo, inama kuanzia kwenye nyonga, mikono iweke juu ya kiti. Pumua polepole mara 5, basi. Kinachovuta ni misuli ya nyuma ya paja, na hiyo hailegei kwa kulazimishwa.

Shangazi wa Tanga
Mwanangu, presha umepima? Mwenye presha ya kupanda isiyotulia, au presha ya macho, asining'inize kichwa chini. Na ukiinuka, inuka taratibu. Mguu ukianza kufa ganzi, au maumivu yakishuka kutoka kiunoni hadi mguuni, nenda hospitali, usingoje.

Mnyoosha Viungo
Kweli shangazi. Basi kwa sasa asiiname, afanye mkao wa mlima peke yake, kwa Kisanskriti Tadasana. Watu wanaudharau kwa kuwa unaonekana ni kusimama tu. Miguu iachane kidogo, uzito uugawe sawa: shina la kidole gumba, shina la kidole cha mwisho, kisigino. Magoti yasikakamae. Mabega yashuke, utosi upande juu kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Kisha nyoosha mikono juu, pumzi 5. Kifua kilichojikunja kwenye cherehani kinafunguka hapo. Kila ukimaliza nguo moja, simama ufanye.

Mama Cherehani
Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimesimama hivyo mara 4, pembeni ya meza ya kukatia. Nimegundua uzito wote huwa nauegemeza mguu wa kulia, miaka yote hii sikujua! Shingo imelegea kidogo jioni hii. Presha napima kesho asubuhi zahanati, kabla sijafungua.