Ukishajua mwisho wake, filamu ya aina gani haichuji?

MtazamajiWaUsiku

Wadau, mjadala wa filamu bora ya muda wote huwa unaishia kwenye kutajiana majina. Leo naomba tulinganishe kwa kipimo kimoja tu: ukishajua mwisho, bado inakushika? Mimi ni mtu wa kurudia picha, na nimeona kuna aina zinazochuja upesi na nyingine zinazidi kunoga. Naweka maoni yangu, pingeni kwa hoja. Na kwa kuwa tunazungumzia miisho, siri za hadithi zitatajwa wazi humu.

Nianze na mshindi wangu: filamu za mabishano, watu na maneno yao. 12 Angry Men ya Sidney Lumet, 1957. Dakika 96, na karibu zote zinapita ndani ya chumba kimoja ambamo raia 12 wamefungiwa waamue kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Kura ya kwanza ni 11 kwa 1. Ukiitazama mara ya kwanza unahesabu kura, nani kalegea, nani bado kakaza shingo. Ukiirudia, kura unazijua, ndipo macho yanapata nafasi ya kuona kamera inafanya nini. Mwanzoni inawatazama kutoka juu ya usawa wa macho, kwa lenzi pana, na chumba kinaonekana kina nafasi. Mabishano yakipamba moto, inashuka taratibu hadi usawa wa macho, kisha chini zaidi, na lenzi zinakuwa ndefu. Kuta zinakuwa kama zimesogea, dari linaonekana juu ya vichwa vyao. Chumba ni kilekile, lakini pumzi inabana. Lumet aliyapanga hayo yote kwa makusudi, na mtazamaji wa mara ya kwanza hayaoni, anayahisi tu.

Ya kutisha: Psycho ya Alfred Hitchcock, 1960. Mauaji ya bafuni yanajulikana hata kwa ambao hawajaiona. Ila irudie umtazame Norman, kijana mwenye hoteli, anapozungumza na mgeni wake kwenye kile chumba chenye ndege waliokaushwa ukutani. Mara ya kwanza unamwonea huruma. Mara ya pili kila anachosema kuhusu mama yake kina uzito mwingine, na uso wa Anthony Perkins, anayemcheza Norman, unaonyesha alilijua hilo tangu mwanzo. Naiweka juu ya Halloween ya John Carpenter (1978). Muziki wa Halloween, aliotunga Carpenter mwenyewe, bado unanisisimua, lakini nguvu kubwa ya picha ile ni kutojua muuaji atatokea upande gani.

Ya mapigano: Mad Max: Fury Road (2015). Hadithi unaisimulia kwa sentensi moja, wanakimbia halafu wanarudi walikotoka. Kinachoibeba ni uhariri wa Margaret Sixel, uliompa Oscar. Jambo la kutazamwa limewekwa katikati ya skrini karibu kila mara, kwa hiyo hata picha zikikatwa mbiombio jicho halipotei.

Ya mapenzi: In the Mood for Love ya Wong Kar-wai (2000). Sina mshindani wake.

Mwisho kabisa naweka vichekesho. Kichekesho unachokijua hakichekeshi.

Kiwambo

Mkuu, kwenye vichekesho nakupinga kabisa. Unachosema ni kweli kwa vichekesho vya maneno. Vya mwili ni habari nyingine.

Tafuta City Lights ya Charlie Chaplin, 1931. Filamu za kuongea zilikuwa zimeshashika soko tangu The Jazz Singer ya 1927, yeye akagoma, akatengeneza picha yenye muziki lakini isiyo na maongezi. Kuna pambano la ngumi mle: Chaplin anajificha nyuma ya refa, refa akisogea naye anasogea, mpinzani akisogea naye anafuata, wote watatu wanakwenda kwa hatua kama wanacheza dansi. Najua kila hatua inayofuata na bado nacheka, kwa sababu ninachokicheka ni ustadi wenyewe. Halafu mwisho wake, yule muuza maua aliyekuwa kipofu anapomtambua kwa kumgusa mkono. Filamu ya vichekesho inayokutoa machozi kila ukiirudia, utaiwekaje mkiani?

Na The General ya Buster Keaton, 1926. Treni inayotumbukia mtoni daraja likiungua ni treni ya kweli. Hakuna kurudia tukio la namna hiyo, mara moja basi.

Binti_wa_Skrini

Kwangu mimi mleta mada umekosea kumpa Psycho taji la kutisha wakati Get Out ya Jordan Peele (2017) ipo. Psycho karibu na mwisho inamleta daktari wa akili anasimama anatueleza kila kitu, na ukiirudia kipande kile kinachosha. Get Out haimalizii kwa mhadhara. Inakuachia ushahidi umetapakaa tangu dakika za mwanzo.

Mtazame yule mfanyakazi wa ndani, Georgina, anapomjibu Chris, mhusika mkuu, chumbani. Anatabasamu, anasema hapana, hapana, anarudia rudia, na machozi yanamtiririka huku tabasamu halijaondoka. Mara ya kwanza unadhani ana wazimu. Ukishajua kwamba ndani ya mwili ule kuna watu wawili, mmoja akiwa amezamishwa na anapigania kutoka, unaelewa machozi ni ya nani na tabasamu ni la nani. Uso mmoja, watu wawili, bila ujanja wowote wa kompyuta. Vivyo hivyo kwa yule mtunza bustani anayekimbia usiku. Ni kama ndani ya filamu ile kuna filamu ya pili, na hiyo ya pili inatisha zaidi.

Kuhusu kusubiri adui atokee, Jaws ya 1975 inakujibu, kaka. Papa wa mashine alikuwa akiharibika kwenye maji ya chumvi, Steven Spielberg akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya picha. Tunaona mapipa ya njano yakivutwa juu ya maji, tunasikia noti mbili za John Williams, basi. Najua papa yuko wapi na mwili bado unakaza.

TekeLaMwisho

Fury Road ni kali, sibishi. Lakini kwa kipimo cha kurudia namtaja Jackie Chan, Police Story ya 1985. Pambano la mwisho kwenye jengo la maduka: anarukia nguzo iliyozungushiwa taa, anateleza nayo chini huku balbu zikipasuka, anaangukia kioo. Aliungua mikono kweli. Picha yenyewe inakuonyesha tukio lile kutoka pembe kadhaa mfululizo, yaani filamu inajirudia yenyewe kabla hujairudia wewe.

Kigezo changu kwa muvi za ngumi ni kimoja: naona miguu? Nikiona mwili mzima wa anayepiga na wa anayepigwa ndani ya picha moja, nitairudia. Kamera ikitikiswa mpaka sijui ngumi imetoka kwa nani, siirudii.

Mzee_wa_Masafa

Vijana mmesahau vita. Nawaletea ulinganisho mmoja, hadithi ya aina moja kwa mikono mitatu: Seven Samurai ya Akira Kurosawa (1954), The Magnificent Seven ya John Sturges (1960), ambayo ni hadithi ileile iliyohamishiwa kwa wapiganaji wa bastola na farasi, na Sholay ya Ramesh Sippy (1975), ambayo damu ya hizo mbili imo ndani yake. Wanakijiji wanasumbuliwa na majambazi, wapiganaji wanakodiwa kuwakinga.

The Magnificent Seven, ya Marekani, ndiyo nyepesi kuliko zote. Muziki wa Elmer Bernstein unabeba nusu ya mzigo, na ukiirudia unagundua hivyo.

Ya Kurosawa ni dakika 207, lakini hakuna ya kutupa. Kabla ya vita mzee Kambei, kiongozi wa wale samurai, anazunguka kijiji na ramani mkononi: hapa tutafurika maji, hapa tutaweka uzio, hapa tutaacha njia wazi waingie mmoja mmoja. Kisha anachora vimduara, kila kimoja jambazi, na kila jambazi akifa kimduara kinakatwa. Mvua ya mwisho inaponyesha na farasi wanateleza kwenye tope, unajua kila mtu yuko wapi na wamebaki majambazi wangapi. Filamu za vita za leo zenye maelfu ya askari wa kompyuta hazikupi hesabu hiyo.

Sasa Sholay. Mleta mada, kwa kipimo chako hii ndiyo yenyewe. Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, kila wakigongana mawazo na mwenzake Veeru anarusha sarafu. Jai akifa, Veeru anaiokota ile sarafu na kukuta pande zote mbili zinafanana. Irudie sasa. Kila sarafu ikipanda hewani unajua haikuwa bahati, Jai alikuwa ameshaamua, na mara ya mwisho aliamua abaki yeye afe ili rafiki yake aondoke. Ile sarafu inaumiza mara ya pili kuliko ya kwanza.

Kiwambo

Shikamoo mzee. Hoja ya sarafu imenimaliza, narudi kuiangalia.

Mwanga_Hafifu

Mbona katuni hakuna aliyezigusa? Na mimi nina swali kwa mleta mada. Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, 1988. Inafunguka kwa kijana Seita akitueleza usiku aliokufa. Mwisho unapewa dakika ya kwanza, hakuna siri ya kuharibu. Niliiona, naiheshimu kuliko karibu kila nilichowahi kuona, na sitaki kuirudia. Yule mtoto Setsuko, mdogo wake Seita, na kopo lake la peremende sitaki kumwona akidhoofika tena. Kwa kipimo chako ni filamu mbovu?

Ilitoka siku moja na My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, studio ileile. Totoro naweza kuirudia kila wiki. Sitathubutu kusema ni bora kuliko ile nyingine.

MtazamajiWaUsiku

Mwanga_Hafifu, hapana, si mbovu hata kidogo. Kuchuja ni pale unapoirudia ukakuta imebaki maganda. Ile hujairudia kwa sababu bado imekukaa moyoni, na hiyo ni kinyume kabisa cha kuchuja. Naiweka pembeni, kwenye daraja lake.

Binti_wa_Skrini, kuhusu yule daktari mwishoni mwa Psycho uko sahihi, lakini baada yake kuna uso wa Norman peke yake akiwa amekaa chini ya blanketi, na uso ule unaifuta hotuba yote. Bado nabaki na Psycho. Mlinganishe Norman na Georgina wako: Norman naye ni watu wawili ndani ya uso mmoja, yeye na mama yake anayeishi akilini mwake. Labda tunapenda kitu kimoja.

Mzee wa Masafa, sarafu ya Jai na lenzi za Lumet nazipa uzito sawa. Zote mbili ziliwekwa pale kwa ajili ya mtu atakayerudi. Kwa In the Mood for Love nilipita haraka, ngoja niongeze. Kuna mahali Bi Chan anamuuliza mumewe kama ana mwanamke mwingine. Tunamwona mume kwa mgongo tu. Halafu anageuka, kumbe ni jirani yake, wanafanya mazoezi ya swali ambalo bado hajamuuliza mume wa kweli. Wenzi wao waliowasaliti hatuoneshwi nyuso zao filamu nzima. Ukiirudia unajua ni mazoezi, na bado unaona machozi ni ya kweli, kwa sababu kwa wakati huo swali la mume limeshakwisha na lililobaki ni la yule jirani.

TekeLaMwisho

Mimi wa ngumi nimeshawishika kuijaribu hiyo ya mapenzi. Nianze nayo au nianze na hiyo ya chumba kimoja?

Mzee_wa_Masafa

Anza na ya chumba kimoja, kijana. Wewe ni mtu wa kuhesabu mapigo, na mle kuna mapigo 11. Ya Wong Kar-wai itazame usiku, peke yako, simu ikiwa mbali, na usiisukume mbele hata pale panapoonekana hapatokei kitu.