Ufuo ni wa umma. Je, na njia ya kuufikia?

Mada ni hii, na mwenye matusi akae nayo kwake: mwenye ploti ya ufuoni alazimishwe kuacha njia ya umma ya kuteremkia baharini, hata kama hati yake haitaji njia yoyote?

Mimi nasema alazimishwe. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma, pamoja na mito na maziwa. Kwa hiyo hakuna hoteli ya Diani, Nyali wala Watamu inayomiliki mchanga unaolowa. Lakini hebu njoo Desemba, shule zimefungwa na treni ya Nairobi imejaa, utembee barabara ya Diani. Upande wa bahari ni ukuta, geti, ukuta, geti. Unausikia mvumo wa maji kwenye mwamba na hujui upenyee wapi. Vichochoro vipo, ila kimoja kimebaki upana wa mtu na ndoo yake ya samaki, kingine kimepigwa mlango wa mabati. Familia iliyotoka Kitale inaishia kulipa kiingilio cha hoteli, au inarudi zake Bamburi kubanana na maelfu wengine kwenye ufuo wa umma, tyubu nyeusi za kukodi zikigongana majini.

Kisha kuna jambo ambalo wabara wengi hawalijui. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yetu hupanda zaidi ya mita tatu. Yakijaa, pale penye kuta za zege hapabaki mchanga hata wa kuweka kandambili. Ardhi ya umma yote iko chini ya maji, na aliyekuwa akitembea amebanwa kati ya wimbi na ukuta, hana pa kutokea isipokuwa geti la mtu. Ndiyo maana nasema mchanga bila njia ni haki ya kwenye karatasi tu.

Mwenye nyumba za kukodisha, Galu:
Ndugu mleta mada, ploti yangu niliinunua kwa jasho langu, na kodi ya ardhi nalipa. Leo nimegewe kipande eti kwa sababu mtu wa Kitale anataka kuogelea? Wageni wangu wanalipia utulivu. Kila asubuhi kijana wangu anaokota chupa na nepi, na sizungumzii wale wa kuuza vinyago na kukodisha ngamia, ambao mgeni hajakaa kitini wameshamzunguka. Mgeni akiibiwa, jina linalochafuka ni langu, si la katiba.

Mvuvi, Tiwi:
Utulivu wa nani? Njia ile wazee wetu walipita na madema yao ya kutegea samaki kabla ya hoteli hazijajengwa. Sasa maji yakipwa twavuka Mto Mwachema kwa miguu, twatokea upande wa Msikiti wa Kongo. Yakijaa, twapanda boda na samaki, na faida yote yaishia kwa boda.

Mama wa watoto watatu, Nairobi:
Mimi nitasema ukweli hata kama hamtaupenda. Tulianza na ufuo wa umma: choo kimoja, foleni ndefu, maji hakuna. Siku ya pili tukalipa kiingilio cha hoteli, tukapata bafu la kutoa chumvi na kivuli cha watoto. Sikuona uchungu kulipa. Mkifungua njia kumi bila vyoo mtakuwa mmefungua nini?

Mleta mada:
Dada, hapo sikupingi. Ila wewe ulikuwa na uwezo wa kuchagua, na asiye nao hachagui. Vyoo ni kazi ya kaunti, na ada ya maegesho ingeweza kuvigharimia. Atozwe mwenye gari, mtembea kwa miguu apite bure.

Mwongoza wageni, Watamu:
Polepole jamani. Bahari ya Watamu na Malindi imekuwa hifadhi tangu 1968, na bado kila msimu watu wanakanyaga matumbawe maji yakipwa, wanaokota viti vya pweza, wale nyota wa baharini, kupigia picha. Kasa naye hutaga juu ya alama ya maji kujaa, yaani mbele ya hizo hoteli. Ukifungulia umati usiku, mayai yatasalimika?

Mleta mada:
Kaka, kasa anapotezwa pia na taa za hoteli zinazowaka usiku kucha na vitanda vya jua vilivyojaa mchangani. Njia ifungwe usiku msimu wa kutaga, nakubali. Lakini mbona hoteli ikizuia watu inaitwa hifadhi?

Mtu wa Taveta:
Mnagombania mchanga, na huku Ziwa Chala liko wazi, la volkeno, mpaka wa Tanzania umelikata katikati. Au nendeni Sabaki mto unapoingia baharini mkaone heroe. Pwani si Diani peke yake!

Wa Tanga:
Majirani, msidhani huku tumemaliza. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, ziwani na kingo za mito. Nzuri, lakini ni ya kulinda ufuo, haimpi mtu njia ya kupita. Nyinyi andikeni neno "njia" waziwazi.

Mleta mada:
Ahsante, ndugu wa Tanga, ndilo ninalotaka. Kaunti ipime vichochoro vyote, iweke mawe ya mipaka, ibandike ramani kila mtu aione. Pasipo na njia kwa mwendo mrefu, serikali itwae kipande na imlipe mwenyewe fidia ya haki, kama katiba inavyotaka.

Mwenye nyumba za kukodisha, Galu:
Fidia kwanza, geti baadaye.

Mleta mada:
Kwa ardhi yako, sawa. Ila kichochoro kilichokuwamo kwenye ramani ya upimaji kabla ukuta haujajengwa, hicho hakina fidia. Hakikuwa chako.