Naomba ushauri: vitamu vya sikukuu nyumbani, wageni 30, oveni moja na friji dogo

Nyota ya Jikoni:

Habari zenu wanajukwaa. Naombeni msaada wa mawazo, hasa nyie mliozoea kupikia watu wengi.

Sikukuu hii zamu ya kukusanya ukoo imeangukia kwangu. Watafika kama watu 30, wakiwemo watoto wa rika zote na wazee. Nina oveni moja ya kawaida, friji dogo lenye friza juu, na mdogo wangu atakuja asubuhi ya siku yenyewe kunisaidia. Chakula kikuu ni kuku wa kuoka na wali. Kinachoniumiza kichwa ni vitamu.

Nilivyopanga: keki ya siagi, biskuti, jeli yenye vipande vya nanasi bichi maana ndio msimu wake, na kinywaji cha matunda cha kuwapokelea wageni. Vipimo vyangu vya keki ni vya chombo cha duara cha sentimita 20, na nimeazima cha sentimita 30. Niongeze viungo kwa kiasi gani?

Halafu kuna haya: shemeji yangu ana mzio wa mayai, mtoto mmoja ana mzio wa karanga, na mjomba ana kisukari. Sitaki mtu akae pembeni anatazama wenzake wakila.

Zaidi ya yote nataka kukaa na watu. Nimewakumbuka, wengine hatujaonana muda mrefu. Nianze na nini, nimalizie na nini?

Dada Vanila:

Hongera kwa kupokea zamu, mpenzi. Usipange kwa utamu, panga kwa uvumilivu wa chakula. Jiulize kila kitu kinaweza kusubiri muda gani bila kuharibika ladha, kisha anza na kile chenye subira kuliko vyote.

Biskuti ndizo za kwanza. Unga wake unakaa friza wiki kadhaa bila shida, na kwa hali yako nakushauri biskuti za siagi zisizo na yai kabisa, ili shemeji ale kama wengine. Vipimo ni vyepesi kukumbuka, 3, 2, 1: gramu 300 za unga wa ngano, 200 za siagi, 100 za sukari laini, na chumvi kidogo. Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka zishikane, tia unga, kusanya kwa vidole bila kukanda. Ukikanda sana biskuti inakuwa ngumu, maana unga wa ngano unajenga nyuzi zinazovutana. Viringisha kama mchi mnene, funga kwa plastiki, weka friza.

Ukitaka kuoka, kata vipande vya unene wa kidole, panga kwenye karatasi ya kuokea na oka kwa nyuzi joto 160 hadi 170 za Selsiasi. Usiondoke mbali kuanzia dakika ya 15. Angalia ukingo: ukianza tu kupata rangi ya dhahabu huku katikati bado pameupe, toa. Zitakuwa laini mkononi na utadhani hazijaiva. Ziache kwenye trei, zinakauka zenyewe zikipoa. Zikipoa kabisa tia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na usizifunike zikiwa na joto, mvuke utazilegeza.

Keki ya siagi oka siku moja kabla, tena siku ya pili inakatika vizuri zaidi. Jeli usiku wa kuamkia siku yenyewe. Asubuhi ubakiwe na kuku, wali na kukata matunda.

Kijiko cha Mbao:

Nyota, simama hapohapo kwenye jeli! Nanasi bichi halitakubali. Lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini ambacho hukatakata protini, na jelatini ni protini. Utaiacha kwenye friji usiku kucha na asubuhi utakuta ni juisi ileile. Papai bichi na kiwi ni hivyohivyo.

Dawa yake ni moto. Chemsha vipande vya nanasi dakika chache mpaka vipate joto hadi ndani, acha vipoe, ndipo uvitie kwenye jeli. Nanasi la kopo halina tatizo kwa sababu limeshapitia joto kiwandani.

Ila mimi kwa wageni 30 na friji dogo ningeachana na jelatini kabisa, ningetumia aga-aga, inayotokana na mwani. Jelatini huanza kuyeyuka kwenye joto la chini ya nyuzi 35, kwa hiyo siku ya joto, mezani penye watu, itaanza kulegea watoto hawajamaliza kugombea vijiko. Aga-aga ikishaganda haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 85. Inaganda hata nje ya friji, kwa hiyo nafasi ya friji unabaki nayo kwa kuku. Na kwa kuwa si protini, bromelini haiigusi.

Namna yake ni tofauti, soma vizuri. Koroga unga wa aga-aga kwenye maji baridi kwa kipimo cha pakiti, chemsha huku ukikoroga dakika 2 au 3 mpaka usione chembe. Ondoa motoni ndipo utie juisi, tena juisi isiwe ya baridi, la sivyo itaganda vipandevipande mbele ya macho yako. Juisi kali kama ya limau usiichemshe pamoja nayo, asidi inaipunguzia nguvu. Mimina haraka kwenye vikombe vidogo. Inakatika kwa meno zaidi kuliko jelatini, watoto wanaipenda hivyo.

Kingine, jelatini hutokana na wanyama, na kati ya wageni 30 huenda wapo wasioila kwa sababu ya imani. Aga-aga inakuondolea hilo swali.

Mzee wa Chungu:

Binti yangu, kwenye keki wengi huangalia upana wakasema 30 ni mara moja na nusu ya 20. Sivyo. Kinachojazwa ni eneo. Zidisha 20 kwa 20 upate 400, na 30 kwa 30 upate 900. Gawanya, unapata 2.25. Kama vipimo vyako vina mayai 4, chombo kikubwa kinataka mayai 9, na kila kitu kingine kinapanda kwa kiwango hichohicho, ili kina cha keki kibaki kilekile.

Lakini mimi nisingetumia hicho chombo. Keki pana kwenye oveni ya nyumbani ukingo unakauka katikati pakiwa bado pabichi. Oka mbili za sentimita 20. Zinaingia pamoja ukiziachia nafasi hewa ipite, zinaiva kwa muda ulioshauzoea, na moja ikipata hitilafu unabaki na nyingine. Ukikata vipande vyembamba vya mstatili badala ya pembetatu, keki mbili zinawatosha watu wako, ukizingatia kuna biskuti na jeli.

Ukishikilia ile kubwa, punguza joto kwa nyuzi 10 hadi 15 na uongeze muda, ukipima kwa njiti katikati.

Siagi itoe friji mapema. Ibonyeze kwa kidole: kidole kiingie na kuacha alama, lakini siagi ising'ae mafuta. Hapo ndipo inapobeba hewa vizuri ukiipiga na sukari, na hiyo hewa ndiyo inayoinua keki. Mayai nayo yasiwe ya baridi, na yatie moja moja. Ukiona mchanganyiko unajikata na kuonekana kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko kimoja cha unga, koroga, utashikana.

Nyota ya Jikoni:

Shikamoo Mzee wa Chungu, na asante sana. Nimeelewa ile hesabu, chombo nakirudisha, naoka mbili. Kijiko cha Mbao umeniokoa, nilikuwa nimeshapanga kununua jelatini. Bado kinywaji na hao wenye masharti ya chakula.

Mzee wa Chungu:

Marahaba, binti yangu.

Afya Kwanza:

Umesema kuku na wali huna wasiwasi navyo, lakini kwa wageni wengi hapo ndipo matumbo huharibikia, kwa hiyo niruhusu.

Kuku aliyeganda ayeyukie ndani ya friji, si kwenye meza. Mkubwa anaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Usimwoshe kwenye sinki, maji yanarusha vijidudu kwenye vyombo na kachumbari. Ameiva ikiwa sehemu nene ya paja, bila kugusa mfupa, imefika nyuzi 74. Kipima joto cha nyama kinastahili nafasi kwenye droo yako. Mchuzi aliolalia akiwa mbichi usimpake akishaiva, labda uuchemshe kwanza.

Wali ndio unaodharauliwa zaidi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, na wali ukikaa vuguvugu wanazaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto upya hakuiondoi. Kwa hiyo pika siku yenyewe, uweke kwenye moto mpaka upakuliwe, au utandaze kwenye trei pana upoe haraka uingie friji. Chakula cha kuharibika kisikae mezani zaidi ya saa 2, na siku yenye joto la kupita nyuzi 32, saa 1. Toa kidogo kidogo, usijaze meza kwa mara moja.

Mtoto mwenye mzio: usiingize karanga jikoni mpaka sherehe iishe, hilo ni rahisi kuliko kutenganisha visu na vijiko. Soma pakiti zote, hata za chokoleti, maana nyingi hupita kwenye mashine zilizosaga karanga. Umuulize mama yake kama ana dawa ya dharura na inakaa wapi. Swali hilo halimkwazi mzazi, linampa amani.

Mjomba usimwandalie sahani ya huruma. Kisukari hakihesabu sukari peke yake, unga na wali navyo vimo, na asali au juisi asilia si salama eti kwa kuwa ni za asili. Hakikisha kuna maji baridi yenye vipande vya limau na mnanaa, matunda mazima yasiyokamuliwa, na vipande vya keki vidogo ili achague mwenyewe. Yeye anaujua mwili wake.

Kwa wadogo: zabibu mbichi zikatwe vipande 4 kwa urefu, na asali asipewe kabisa aliye chini ya mwaka 1.

Barafu Tele:

Kinywaji nimeona hakijajibiwa. Gandisha sehemu ya juisi yenyewe kwenye bakuli au kopo la keki siku moja kabla, ukiitupia vipande vya matunda. Donge kubwa linayeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na likiyeyuka linaongeza ladha badala ya maji. Soda au maji yenye gesi mimina mwisho kabisa, wageni wakiwa mlangoni, la sivyo gesi inapotea.

Chupa usiziweke kwenye friji. Chukua beseni, tia barafu, maji, na chumvi viganja kadhaa. Barafu peke yake inagusa chupa hapa na pale tu, maji yanaizunguka yote, na chumvi inashusha joto la yale maji chini ya sifuri. Chupa zinapoa haraka sana, na friji linabaki kwa ajili ya chakula.

Sukari usitie kwenye bakuli la wote. Chemsha sukari na maji kiasi sawa, acha ipoe, weka kwenye jagi dogo pembeni, kila mtu ajitilie. Mjomba atakunywa kutoka bakuli lilelile na watoto.

Nyota ya Jikoni:

Hili la sukari pembeni nimelipenda mno! Mpango sasa: unga wa biskuti naweka friza wiki hii, keki siku moja kabla, donge la juisi siku hiyohiyo, jeli ya aga-aga usiku, asubuhi kuku na wali. Swali la mwisho kwa Dada Vanila. Nataka kuchovya nusu ya biskuti kwenye chokoleti. Nichovye lini, na nifanyeje isipauke?

Dada Vanila:

Chovya siku moja kabla, keki zikiwa zinapoa. Bakuli na kijiko viwe vikavu kabisa, kwa sababu matone machache tu ya maji yanaifanya chokoleti ikusanyike na kuwa kama udongo. Ikikutokea usiitupe, ongeza maziwa ya moto kijiko baada ya kijiko, itageuka mchuzi mzuri wa kumwagia keki.

Weupe unakuja kwa sababu mafuta ya kakao yameganda vibaya. Yeyusha theluthi mbili ya chokoleti nyeusi juu ya mvuke, isizidi nyuzi 50, toa, kisha tia ile theluthi iliyobaki ikiwa imekatwakatwa na ukoroge mpaka iishe. Ikifika nyuzi 31 au 32 iko tayari. Kama huna kipimo, gusisha tone kwenye mdomo wa chini: usihisi moto, usikie ubaridi kidogo. Chovya, laza kwenye karatasi, acha zigande nje ya friji mahali penye ubaridi. Ile iliyogandia friji hutoka jasho ikirudi nje, na hilo jasho nalo huleta madoa.

Biskuti nyingine ziache bila chokoleti, kwenye kopo lao, mpaka usome pakiti ukahakikisha haina mabaki ya karanga.