MJADALA: Avatar ni hadithi au ni picha za kupendeza tu?

Mkazi wa Mikocheni (mleta mada):
Wakuu, tuliweke hili mezani. Avatar ya James Cameron ya 2009 ndiyo muvi iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani, dola bilioni 2.9 ukijumlisha na iliporudishwa kumbini. Ukiondoa msitu unaong'aa usiku na milima inayoelea, kinachobaki ni nini? Mgeni anakuja kwenye dunia ya Wanavi, watu wa bluu, kupeleleza, anampenda binti wa chifu, anageuka kuongoza vita. Tena anawazidi wenyeji mpaka kumpanda Toruk, mnyama wa angani ambaye wao wenyewe wanamkimbia. Hiyo ni filamu kubwa au ni ufundi wa kompyuta? Naomba majibu ya walioiona ukumbini kwa miwani ya 3D, siyo walioisikiliza kibanda umiza, chumba cha video cha mtaani, huku DJ anayeitafsiri anapiga kelele juu yake.

Mwana Mbagala:
Nilikuwa nakubaliana nawe mpaka ulipotaja kibanda umiza. Mkuu, sisi tuliokaa kwenye mabenchi tuna mtoto wa jicho? Jake Sully, huyo mgeni, amepooza miguu, anaamka kwenye mwili wa bluu, anatoka mbio na kuchimbia vidole kwenye udongo. Kibanda kizima kilisimama. Nani anahitaji miwani kuelewa furaha ya mtu aliyerudishiwa miguu?

Dada wa Upanga:
Usikwepe hoja. Cameron aliandika wazo hili miaka ya 1990 akalisubirisha mpaka teknolojia imfikie. Waigizaji walifungwa kamera ndogo mbele ya uso ili jicho la Zoe Saldaña likishtuka, la Neytiri, yule binti wa chifu, nalo lishtuke. Mafundi wa Weta kule New Zealand walichora mpaka jani. Kazi hiyo yote unaionaje kwenye runinga yenye chenga na CD iliyonakiliwa kutoka nakala ya nakala?

Fundi wa Keko:
Hadithi ingekuwa mbovu isingebeba Oscar ya filamu bora. Mjadala umekwisha.

Dada wa Upanga:
Haikubeba, kaka. Mwaka 2010 filamu bora ilikuwa The Hurt Locker ya Kathryn Bigelow, aliyewahi kuwa mke wa Cameron. Avatar ilipata tatu: upigaji picha, usanifu wa mandhari na madoido ya picha. Zote za macho. Hapo mleta mada ana hoja.

Mwana Mbagala:
Kwa hiyo asiye na nauli ya kwenda Mlimani City na hela ya tiketi hana haki ya kusema muvi ni nzuri au mbaya. Semeni tu hivyo, tujue tunaongea na nani.

Dada wa Upanga:
Sijasema hivyo na usinilishe maneno.

Mzee wa Kanda:
Wanangu, taratibu. Kutafsiri muvi hakukuanza na hawa madijei wa leo. Lufufu alikuwa akitafsiri tangu enzi za kanda za video, na jiji hili lilimjua. Watu waliingia kibandani kumfuata yeye kama walivyomfuata steringi. Na nikuulize, wewe wa Mikocheni: Wanavi wanapozungumza lugha yao, ile iliyotungwa na Profesa Paul Frommer, wewe ukumbini unafanya nini? Unasoma maandishi ya chini. Hata Mmarekani anasoma. Basi na wewe unapewa tafsiri, ila ya kwako iko kimya.

Mkazi wa Mikocheni:
Shikamoo mzee. Maandishi yale yaliwekwa na mwenye filamu. DJ anaweka ya kwake. Nimewahi kusikia nakala ambayo Kanali Quaritch, mkuu wa askari wa kampuni, anatukana watu majina ya mitaa ya Temeke! Cameron hakuandika hayo. Pale ambapo msitu umetulia na unatakiwa usikie wadudu, yeye ndiyo kwanza anapandisha sauti. Huo ni uharibifu, na kupendwa kwake hakuufanyi kuwa sanaa.

Mtu wa Nyika:
Nyote mmepita mbali na muvi. Mwaka 2154 kampuni inataka madini ya dola milioni 20 kwa kilo, madini yako chini ya mti wanamoishi watu, watu wanaambiwa hameni. Mwaka 2010 Wadongria Kondh wa milima ya Niyamgiri, India, walimwomba Cameron kwa tangazo la gazeti awasaidie, kwa kuwa kampuni ilitaka kuchimba boksiti kwenye mlima wao mtakatifu. Mwaka 2013 vijiji vyao 12 vilipiga kura na vyote vikakataa. Mmasai anayehama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, hatauliza kama picha ni ya 3D.

Raia Mwema wa Ilala:
Serikali imesema wanahama kwa hiari. Hapa tunajadili muvi, siasa peleka jukwaa lake.

Mtu wa Nyika:
Muvi yenyewe ni ya kuhamishwa watu! Unataka tujadili rangi ya ngozi yao?

Mzamiaji wa Kigamboni:
Mimi iliyonichoma ni ya pili, The Way of Water ya 2022. Wawindaji wanamuua tulkun mkubwa, kiumbe wa baharini kama nyangumi, wanachota majimaji kidogo ya ubongo yanayozuia uzee, mzoga wote wanauacha uelee. Tuliolelewa tukisikia baruti za wavuvi haramu na kuona matumbawe yaliyosambaratika tunajua hasira ile. Hapo picha ndiyo hadithi. Usipoyaona matumbawe yakiwa mazima, hujui kilichopotea. Ndiyo maana nasema ukubwa wa skrini una maana.

Fundi wa Keko:
Turudi kwa DJ. Binafsi bila DJ nalala.

Mkazi wa Mikocheni:
Umejibu mwenyewe. Hadithi inayohitaji mtu wa kukuamsha haina nguvu.

Mwana Mbagala:
Ina nguvu, ndiyo maana imevuka CD mbovu, spika mbovu na kelele za DJ, na bado wadogo zangu wanalia mti mkubwa unapoanguka. Uzuri wa msitu haukufika Mbagala, ulibaki kwenye miwani yenu. Kilichofika ni hadithi. Ya tatu, Fire and Ash, imetoka Desemba 2025. Njoo kibandani, uwaulize watoto Varang, yule kiongozi wa kabila la majivu, anataka nini na kwa nini kabila lake limemkana Eywa, mungu wa Wanavi. Wakishindwa kukueleza, nitanyamaza.