Keateka, msimamizi wa ploti yetu, amenipigia deki nikiwa bado chini!!

Wenye mnakaa Nyawita hapa Kisumu mnamjua. Yule wa geti ya kijani, tarehe moja anabisha kuuliza kodi hata jogoo hajawika. Niko mwaka wa pili chuoni, nina kifafa tangu darasa la sita, na leo asubuhi kilinishika hapo kwa bomba la maji. Ni wiki ya mitihani, nilikuwa nimelala saa mbili tu, na usingizi ukinipungua ndiyo huniangusha.

Nazinduka nimejiuma ulimi, ndoo imepinduka, na huyu mtu ananizunguka na tambara. Anapiga deki mate yangu. NIKIWA HAPO CHINI! Maji ya dawa ya choo yananiingia sikioni, naye anapayuka mpaka Kondele wakasikia: "Msimguse, hiyo inaambukiza!"

Kifafa hakiambukizi! Ni umeme wa ubongo unavurugika kwa muda. Nilaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa. Zikipita dakika 5 tafuta gari ya hospitali. Kijiko mdomoni, usithubutu. Mimi najipanga: dawa asubuhi na jioni kwa alamu, bafuni sifungi komeo, na kodi sijawahi kuchelewesha. Halafu mtu ananipigia deki kama choo cha stendi, na sasa anataka nihame ati naharibia ploti jina. Deki, jameni. Nikiwa chini.

Mama Omena: Pole mwanangu. Wangu pia anacho, lakini tangu aanze kabamazepini, dawa ya kifafa, amemaliza mwaka hajaanguka. Huyo angenipata mimi, hilo tambara angelila.

Mlango wa Tatu: Nilikuwepo. Ni mimi nilikugeuza ubavu, na hata asante hujasema.

Mwenye uzi: Asante sana ndugu yangu, sikujua ni wewe. Lakini ile deki uliiona?

Mlango wa Tatu: Niliiona. Alirudia mara mbili.

Kijana wa Manyatta: Acha kulia, wewe angalau umepigiwa deki. Ploti yetu haijaona tambara tangu Krismasi.

Mama Omena: Huna adabu wewe.

Nyalenda Juu: Ngojeni kwanza, maji ya deki aliyatoa wapi? Sisi bomba limekauka tangu Jumatatu, mtungi wa lita 20 tunanunua kwa mkokoteni.

Kijana wa Manyatta: Maji si kitu. Mwenye nyumba wetu ameunganisha friji yake kwa mita yangu, tokeni ya wiki inaisha siku mbili.

Mama Omena: Friji? Ngoja niwaambie ya dipoziti yangu.