Trekiboli yangu imefungiwa stoo wiki ya tatu sasa, na mkono unaoumia ni wangu

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaki kujifanya sina. Uzi huu nauandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, maana wa kulia tangu juzi umerudi kule kule ulikotoka. Moderata, naomba usiuunganishe na ule wa kuuliza bei za vipanya. Hapa siulizi bei, naongelea trekiboli, kifaa changu cha kusogezea mshale wa kompyuta badala ya kipanya, ambacho ofisi imenifungia.

Kazi yangu ni kuchora viwanja kwenye kompyuta. Nipo kampuni moja ya upimaji hapa Dodoma, sitaitaja. Wapimaji wakitoka uwandani wanaleta data, sisi wa ofisini tunakaa na picha ya anga tunafuata mipaka. Bofya kona, bofya kona, funga umbo, sogeza ramani, njoo kiwanja kinachofuata. Mradi mmoja wa urasimishaji unaweza kuwa na viwanja elfu tatu. Kiwanja chenye kona nne ni bahati. Kule watu walikojenga kwanza ndipo vipimo vikawafuata, kiwanja kimoja kinakuja na kona tisa, kumi na moja, ukuta umepinda kuukwepa mwembe wa jirani. Piga hesabu ya mibofyo. Na kati ya mbofyo na mbofyo kuna kuburuta kipanya, kukinyanyua kikifika ukingoni mwa meza, kukirudisha katikati, kuburuta tena. Miaka sita nafanya hivyo.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilishindwa kufungua chupa ya chai nyumbani. Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyeifungua. Usiku vidole vitatu vilikuwa vinakufa ganzi, naamka nautingisha mkono kama mtu anayekausha maji. Hospitali wakanipeleka kitengo cha fiziotherapia. Mama mmoja pale alinikalisha mezani, akaniambia, "Baba, nionyeshe unavyofanya kazi." Nikaonyesha. Akashika kifundo akasema hiki kimekunjwa juu na kupinda pembeni siku nzima, na bega nalo limepanda na wewe hujui. Akanipa mazoezi, akaniambia nitafute namna ya kufanya kazi bila mkono kwenda na kurudi.

Ndipo nikaijua trekiboli. Kwa asiyeijua: ni kifaa kinachokaa palepale mezani, hakiburutwi. Juu yake kuna gololi kubwa, unaiviringisha kwa vidole na mshale unakwenda. Wale wa zamani mnakumbuka vipanya vyenye gololi tumboni. Kigeuze chali, gololi iwe juu, ndiyo trekiboli hiyo. Mkono umelala, bega limetulia, vinavyofanya kazi ni vidole tu.

Sikufika hapo mara moja. Ya kwanza nilinunua ya dole gumba, gololi yake ndogo inakaa ubavuni, milimita 34. Kifundo kikapata nafuu, lakini baada ya miezi miwili dole gumba likaanza kuuma kwenye shina lake. Ni kawaida: kidole kimoja kimebebeshwa safari yote ya mshale. Ndugu mnaotaka kuanza na mna kazi ya kubofya kutwa, nawasihi muanze na ya gololi katikati, inayoviringishwa kwa vidole viwili au vitatu. Nami nikamwomba shemeji aliye Dubai, akaniletea Kensington Expert, gololi yake milimita 55, karibu sawa na ule mpira wa biliadi. Kwa pesa yangu, laki tatu kasoro kidogo pamoja na usafirishaji. Ofisi haikutoa hata shilingi.

Wiki mbili za kwanza ni mateso, sitawadanganya. Mshale unapita kona, unarudi, unapita tena. Kuburuta kitu huku umeshikilia kitufe ndiyo ngumu zaidi, mpaka nilipokwenda kwenye mipangilio ya kipanya ya Windows nikawasha ile ya kukifunga kitufe kibaki kimebonyezwa. Wiki ya tatu mkono ukazoea. Kwa kazi yetu ina raha yake: ukiisukuma gololi kwa nguvu mshale unavuka ramani nzima, ukiigusa kwa ncha ya kidole unasogea nukta moja na kusimama juu ya kona. Kubofya hakukusogezi, kwa sababu kitufe na gololi ni vitu viwili tofauti. Na kipanya nani asiyejua kinavyoteleza kidogo wakati wa kubofya? Makosa ya kona yalipungua, mkaguzi wetu mwenyewe alisema.

Miezi mitano nililala usingizi. Chupa ya chai nikawa nafungua mwenyewe.

Sasa sikilizeni.

Kwanza vijana wa ofisini. Gololi haifungwi, imekaa tu kwenye shimo lake, ukigeuza kifaa inadondoka. Imetengenezwa hivyo makusudi ili uweze kusafisha: chini yake kuna nukta tatu ndogo ngumu inazokalia, mafuta ya ngozi na vumbi vinajikusanya hapo kama utepe wa kijivu, na usipopangusa kwa kijiti cha pamba kila wiki au mbili mshale unaanza kugoma. Basi nilitoka kwenda kuswali, nikarudi nikakuta gololi inarushwa kutoka meza hadi meza. Ikaanguka kwenye vigae mbele ya macho yangu. Ina kovu sasa, kama nusu ya punje ya mchele. Kila ikizunguka kovu linapita chini ya kidole changu cha kati, na likifika kwenye nukta gololi inakwama kidogo. Hakuna aliyesema pole. Waliniambia, "Si mpira tu huo, kaka."

Hilo nilimeza. Jumatano ya wiki ile ile afisa TEHAMA akaja na waraka: vifaa binafsi vya USB haviruhusiwi kwenye mashine za ofisi. Akachomoa trekiboli, akaipeleka stoo, akaniwekea kipanya kipya cha kwenye boksi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, waraka huo ni wa flashi na diski, naukubali kabisa, data za wateja si za kubebwa mfukoni. Hiki hakihifadhi faili." Akajibu kwamba kinahitaji programu yake na programu zinaleta virusi. Hakihitaji! Nilikichomeka siku ya kwanza na kikafanya kazi palepale, sijasakinisha chochote. Fungua orodha ya vifaa kwenye kompyuta: kimeorodheshwa kama kipanya. Kompyuta yenyewe haioni tofauti, inapokea habari zile zile za kulia, kushoto, juu, chini na kitufe kimebonyezwa. Programu ya kampuni iliyokitengeneza ni kwa anayetaka kubadili kazi za vitufe vya ziada, na mimi sikuitaka.

Nikapanda kwa afisa utumishi na barua ya hospitali mkononi, ina mhuri. Hakuisoma hadi mwisho. Alisema, nanukuu, "Ofisi haiwezi kuruhusu vifaa vya gemu, kesho kila mtu ataleta chake."

Vifaa vya gemu! Hili ndilo lililonifanya nikae usiku huu kuandika.

Trekiboli ni kaka mkubwa wa kipanya. Mwingereza Ralph Benjamin aliibuni mwaka 1946 kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza, wafuatilie shabaha za rada. Jeshi la majini la Kanada nalo likatengeneza ya kwake mwaka 1952 katika mradi wa DATAR, mfumo wa kompyuta wa meli za kivita, na gololi waliyotumia ilikuwa mpira wa boling. Kipanya cha Douglas Engelbart kilikuja mwaka 1964, na umma ulikiona Desemba 1968. Ndiyo, baadaye Atari waliiweka kwenye mashine zao za michezo, na kipanya nacho kinachezewa gemu kila siku duniani kote, mbona hakijapigwa marufuku? Laptopu za kwanza za PowerBook za kampuni ya Apple, mwaka 1991, zilikuwa na trekiboli mbele ya kibodi.

Na kama historia ni mbali, twende hospitali. Mzazi yeyote humu aliyemsindikiza mkewe kupimwa ultrasaundi, au dada uliyelala pale kitandani, kumbuka meza ya ile mashine. Mashine nyingi, katikati ya vitufe kuna gololi. Mpimaji mkono mmoja uko tumboni kwa mama, wa pili unaviringisha gololi kuweka alama huku na huku ya kichwa cha mtoto apate kipimo. Yule naye anacheza gemu?

Halafu wanasema gharama. Gharama ipi, wakati nilinunua mwenyewe? Droo ya meza yetu ina vipanya vibovu, nimevihesabu leo mchana: kumi na kimoja, vyote vya mwaka huu, kitufe cha kushoto kimekufa. Tunaviua kwa kubofya. Chuma na plastiki vinachoka kwa kazi hii na vinabadilishwa bila barua wala mhuri, dada wa stoo anatoa kingine tu. Mimi ninayevishika ndiye natakiwa kuthibitisha kwamba nimechoka.

Tangu wachukue ni siku kumi na tisa. Siku ya tisa ganzi ilianza kurudi. Juzi nimeamka saa nane usiku nautingisha mkono. Nilijaribu kipanya kwa mkono wa kushoto, nikabadilisha vitufe, kasi yangu imeshuka chini ya nusu, na sasa msimamizi ananiuliza kwa nini kata yangu imechelewa. Nimwambie nini ambacho sijaandika kwenye barua?

Najua ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na OSHA ndio wasimamizi wake. Sijakimbilia huko kwa sababu nataka kazi yangu na nataka kuifanya vizuri. Siombi fidia, siombi kiti kipya, siombi wanunue chochote. Naomba kitu changu kitoke kwenye kabati la stoo kije mezani kwangu, umbali wa hatua arobaini.

Wadau mlio maofisini, hasa wahasibu, wachoraji na watu wa data: kuna aliyewahi kupata kibali cha kutumia kifaa chake kwa sababu za kiafya? Barua yako iliandikwaje, na uliipeleka kwa nani kwanza, TEHAMA au utumishi? Kama daktari alitakiwa aandike maneno fulani, niwekeeni hapa. Na kama kuna mtu Dodoma au Dar ana gololi ya akiba ya milimita 55, hata iliyotumika, naomba anitafute inboksi, nitalipa.

Jumatatu saa tatu asubuhi nina miadi na afisa utumishi. Nitakwenda na barua ile ile, na safari hii nitaisoma mimi kwa sauti hadi kwenye mhuri.