Malenga wa papo kwa papo wa Gipuzkoa: vina wanavitoa wapi?

mlumbi_temeke
Wakuu, naomba kueleweshwa. Gipuzkoa, mkoa wa Wabaski kaskazini mwa Hispania, kuna malenga wanaoitwa bertsolari. Wanapewa mada jukwaani, wananyamaza sekunde chache, kisha wanaimba ubeti mzima bila karatasi wala ala. Kanuni zao zikoje zikilinganishwa na tarbia yetu (shairi la mishororo minne kwa ubeti)? Kuna kikundi cha ngonjera hapa Temeke kinataka kujaribu.

Fundi Arudhi
Mkuu, kwa anayejua tarbia, safari si ndefu. Umbo lao la kawaida ni zortziko: mistari mifupi 8, kina kikikaa kwenye mstari wa 2, 4, 6 na 8. Iandike miwili miwili, unapata mishororo minne yenye ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), ila ukwapi hauna kina. Zortziko txikia (ndogo) ni mizani 7 kwa 6. Zortziko handia (kubwa) ni 10 kwa 8. Hakuna anayehesabu kwa vidole. Kila kipimo kina mahadhi yake yanayojulikana, na ukishachagua mahadhi, mizani imeshapangika. Silabi ikizidi, wimbo unagoma na ukumbi mzima unasikia.

Siri kubwa ni kwamba wanaanzia mwisho. Hoja ya kufungia hutafutwa kwanza, pamoja na neno lake la mwisho. Neno hilo ndilo linaloamua kina cha ubeti wote. Hukusanya maneno mengine matatu ya kina hicho, ndipo wafungue kinywa. Anayeropoka mstari wa kwanza uliomjia hufika wa sita hana pa kushika, akarudia neno la kina alilokwisha kulitumia. Kosa hilo huitwa poto, na kwao ni aibu kama guni (shairi lililovunja kanuni za vina na mizani) kwetu.

bimkubwa_ilala
Nyongeza kwenye vina. Kibaski hubandika viambishi mwishoni mwa neno: etxean ni nyumbani, lanean ni kazini. Yaani kazi inayofanywa na -ni kwetu! Kwa hiyo kina cha kiambishi ni rahisi mno, sawa na mtu kujaza nyumbani, sokoni, kazini beti nzima, wasikilizaji hukinai. Mahiri huingiza kina hadi ndani ya mzizi. Kwa upande mwingine wana nafuu: p, t na k huhesabiwa ukoo mmoja, b, d, g na r ukoo mwingine, na za ukoo mmoja zinakubalika kama kina. Sisi ruhusa hiyo hatuna.

msomaji_upanga
Msidhani ni sanaa ya wazee wa mashambani tu. Ilikuwa hivyo zamani, kwenye nyumba za sagardo (pombe ya matofaa) za Hernani na Astigarraga. Shindano kuu la kwanza lilifanyika Donostia (San Sebastián) 1935, akashinda Basarri. 1936 likachukuliwa na Txirrita, fundi mawe wa miaka 75. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania na udikteta wa Franco vikalikata hadi 1960. Kisha Xabier Amuriza, ambaye kwao ni mkoa jirani wa Bizkaia, alishinda 1980 na 1982 akiimba kwa Kibaski sanifu, kile ambacho misingi yake iliwekwa Arantzazu, Gipuzkoa, 1968. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba ubingwa huu unafundishika, na shule za bertso (beti hizi za papo kwa papo) zikaenea. Maialen Lujanbio wa Hernani alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa, 2009, akarudia 2017 na 2022. Bingwa huvishwa kofia, txapela.

mlumbi_temeke
Shukrani. Tuanzie wapi sasa?

Fundi Arudhi
Anzeni na zoezi la vina vinne. Mpe mtu daraja, hoja, ngoja, pamoja. Atunge ubeti kwa mpangilio huohuo, lakini kwanza aseme kwa nathari, yaani maneno ya kawaida, kituo chake (mshororo wa mwisho) kitadai nini. Akishindwa kusema, asiimbe. Baadaye kiongozi atoe mshororo wa kwanza, mwenzake aupokee na kuumalizia. La mwisho ni "kazi ya gerezani", kartzelako lana: wengine wanatolewa nje wasisikie, kila mmoja anaingia peke yake na kupewa mada ileile.

Vina vya kati viacheni mwezi wa kwanza. Tarbia inadai vina pande mbili, karibu mzigo mara mbili ya zortziko, na hapo ndipo wengi hukwama wakidhani hawana kipaji. Muda wa kufikiri usizidi nusu dakika. Mkiwapa dakika tano watakuwa wanaandika kichwani, na hilo ni zoezi jingine.